Mbwa Wangu Ana Kifua

Jumanne, Kansanga. Mvua tangu asubuhi.

Jirani yangu Mama Neema alimtazama mbwa wangu akasema, "Huyu ana kifua!" Nikashtuka. Natumia dawa za kifua kikuu kwa siri, nikiogopa majirani watanikimbia. Nikamkokota mbwa hadi kwa daktari wa mifugo, Mama Neema nyuma yangu.

"Daktari, nimemwambukiza TB yangu!" nikalia mbele ya foleni nzima.

Akampima. "Mtu anaweza kumwambukiza mbwa, ila ni nadra. Huyu mzima."

Mama Neema akashika kiuno. "Dada, mimi nilisifia kifua kipana! Asiye na kifua cha kutunza siri ni wewe."

Kwa kweli, hakukosea. Jioni nilikula matoke kwa mchuzi wa karanga, na Mama Neema akala nami sahani moja.