Ndege Iliyosikika Bila Kuruka

Watu wa Tolvin, mji wetu mdogo wa Nebraska, walikuwa na hakika kwamba Wendell Haugen hurusha ndege ya kivita kila Jumamosi, kwa sababu waliisikia. Ngurumo yake ilitoka uwanja wa ndege, ikapita juu ya mashamba ya mahindi na kutikisa vioo vya duka la nyama.

"Leo ulipita chini kweli, Wendell," muuza nyama alimwambia mara nyingi. Wendell alitabasamu tu na kuomba soseji.

Kumbe ndege ilikuwa imefungwa minyororo ardhini. Wendell aliwasha injini kwa sababu injini ikilala sana huharibika, kisha akaizima na kuifuta vumbi. Sisi wa uwanjani tulijua. Ndege isiyotoka bandani tunaiita malkia, na fundi wetu, Corwin Voss, hakumwonea Wendell huruma.

"Malkia kaamkaje?" aliuliza akipita na kikombe cha kahawa.

"Mzima."

"Akitaka kutembea nje aseme, tumtandikie zulia."

Maisha yake yote Wendell aliuza mashine za kuvunia. Ujanani alitaka kuwa rubani wa jeshi, macho yakamwangusha kwenye vipimo. Mkewe alipofariki, naye amekwisha kustaafu, alinunua ndege ya mafunzo ya kivita iliyotengenezwa Chekoslovakia. Aliyeileta alikuwa rubani wa kukodiwa. Wendell alikaa kiti cha nyuma akitapika kwenye mfuko. Lakini walipotua, yeye ndiye aliyetangulia kushuka, kofia ya rubani kichwani, na watu waliojaa kwenye uzio wakampigia makofi. Hakuwasahihisha.

Alikusudia kwa dhati kujifunza. Ila mwalimu wa ndege za aina ile alikuwa Texas, na kibali kilitaka mtihani kila mwaka. Kampuni ya bima ilipouliza umri wake, haikupiga simu tena. Saa moja ya kuruka ilikunywa mafuta ambayo ndege ndogo ya propela ingetumia kiangazi kizima. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa viti. Kiti cha ndege ya kivita humrusha rubani nje kwa baruti mambo yakiharibika, na baruti ile ilikuwa imepitwa na muda wake. Mpya haiuzwi dukani kama betri. Jeshi lina kikosi kizima cha kuyashughulikia hayo. Wendell alikuwa na Corwin.

Oktoba moja akafariki Delbert Pruett, mkulima aliyepigana Vietnam. Jumapili, uwanjani tulipokuwa tukila chapati za maji kama desturi yetu ya kila mwezi, mjane wake, Lorraine, alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Wendell.

"Del alikuwa akitoka barazani kila Jumamosi kukusikiliza," alisema. "Kule vitani, ndege zikipita juu ndipo walipojua wataiona kesho. Naomba upite juu ya makaburi tukimzika. Mara moja tu."

Meza nzima ilimtazama Wendell.

"Nitapita," alisema.

Lorraine alipoondoka, Corwin aliweka uma chini. "Utapita na nini, bwana? Na toroli?"

"Nitatafuta rubani."

Alimpata mmoja, akamweleza habari ya viti. "Mzee wangu, mimi siketi juu ya kiti kilichokufa," yule akajibu, akakata simu.

"Basi kamwambie mama wa watu leo," Corwin alimsihi. Wendell alikwenda. Alimkuta Lorraine akipiga pasi sare ya Del, akakaribishwa pai ya tufaha, akaila yote, akarudi nyumbani bila kusema.

Siku ya maziko alisimama nyuma kabisa, karibu na magari. Askari walikunja bendera iliyofunika jeneza, wakamkabidhi Lorraine. Mchungaji alimaliza sala, akainua uso. Watu wote wakainua nyuso. Palikuwa na upepo tu. Muuza nyama alivua kofia ili asikie vizuri.

Lorraine aliteremsha macho kwanza, na alipogeuka akamwona Wendell, amevaa suti nyeusi. Wendell akamwendea, watu wakimpisha.

"Mbona uko hapa? Anairusha nani?"

"Hakuna."

"Imeharibika?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi mno. "Sijawahi kuirusha, Lorraine. Huwa naiwasha tu, imefungwa chini. Alichokuwa akisikia Del ni mimi nimekaa pale pale."

Lorraine aliikumbatia bendera kifuani. "Hawa bado wanatazama juu," alisema. "Waambie. Shingo zitawauma."

Akawaambia. Mara ya kwanza sauti haikufika, ikambidi ayarudie maneno yale yale kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyecheka. Wanaume walivaa kofia zao, jeneza likashushwa.

Baadaye, kwenye chakula cha msiba kanisani, walimsogezea kiti, wakampakulia nyama na viazi, wakamwuliza habari za magoti yake. Kuhusu ndege hawakumwuliza neno. Wendell alivumilia hisani ile kwa muda mfupi, akaacha sahani yake imejaa, akaingia jikoni kuosha vyombo, mgongo wake ukielekea mlangoni.