Goti la Mdogo Wangu

Nilimbeba mdogo wangu wa kike mgongoni miaka miwili, na sitadanganya kwamba nilimbeba kwa upendo. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja, na alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda, goti limekwama, wayo umegeukia ndani. Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kalemie, kando ya ziwa, mji ambao siku zile bado uliitwa Albertville. Baba alikuwa kazini Kabalo, na tangu vurugu za baada ya uhuru zianze treni zilikuja zikipenda, basi naye tulimwona treni zikipenda. Mama alilima mihogo mlimani kuanzia alfajiri hadi jioni. Nani abaki na mtoto asiyetembea? Nikatolewa shule katikati ya darasa la nne, na sare yangu ya buluu ikakunjwa ikawekwa chini ya kitanda.

Mwaka wa pili wa uhuru, daktari wa hospitali alimpasua mdogo wangu mara mbili. Kwanza alilinyoosha goti lililokwama. Baadaye, jeraha lilipopona, alikata sehemu ya chini isiyofaa, akabakiza kigutu cha urefu wa kiganja chini ya goti. Alisema goti lile ndilo alilotaka kuliokoa katika kazi yote ile.

Mguu wa bandia ulichongwa na fundi wa mbao wa karakana ya reli. Ulikuwa mti mwepesi, umetobolewa juu ili kigutu kiingie, una vyuma viwili vya kukunjia pembeni mwa goti, na ngozi ya kufunga paja kwa kamba kama kiatu kirefu. Fundi aliupaka rangi ya kijivu iliyobaki kwenye mabehewa. Mdogo wangu aliutazama siku nne bila kuugusa. Siku ya tano nikamkuta amejaza karanga ndani yake, anazila moja moja. Ndipo nikajua ameukubali.

Mama naye aliniahidi jambo moja. "Siku huyu mutoto atatembea kwenda hospitali na kurudi bila kubebwa," alisema, "weye utarudi kwa masomo." Shule zilikuwa zinafunguliwa Septemba. Tulikuwa Julai.

Aliyetufundisha kuutunza mguu ni mtawa muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na sisi tulimwita mamere kama tulivyowaita watawa wote. Alinifundisha mimi, si Mama, kwa sababu Mama alikuwa shambani. Jioni vua mguu. Pangusa kigutu kwa kitambaa kikavu. Tazama ngozi yote, mbele na nyuma. Fua soksi ya sufu ambayo kigutu huvaa kabla ya kuingia kwenye mti, ianike, kesho avae nyingine. "Ukiona nafasi nyekundu, hata kidogo," alisema, "mutoto asivae. Muchunge goti. Ile goti njo mali yake." Njo, kwetu, ni ndiyo.

Jambo moja alilikataza kwa ukali. Tangu jeraha lipone, Mama alikuwa akikisugua kigutu kwa mawese ya moto kila jioni, kama kila mama wa kwetu anavyosugua kiungo kilichovunjika. Mamere alinusa, akafoka. Mafuta hulainisha ngozi, na ngozi laini huchubuka ndani ya mti. Mama aliinamisha kichwa. Tuliporudi nyumbani akalipandisha kopo la mawese juu ya rafu, na mimi nikapewa kazi ya kuangalia ngozi kila jioni.

Agosti mdogo wangu alitembea. Kwanza kwa kushika ukuta, halafu kwa kushika kidole changu, halafu kwa kunitukana nikimshika. Kwa goti lile alichuchumaa, alipanda ngazi za hospitali, alipiga magoti kanisani akatazama huku na huku kama wamemwona. Watoto wa kwenye bomba la maji walimwita Behewa, na yeye akawaambia behewa hupita juu ya wanaosimama njiani. Nilicheka. Nilimpenda sana mwezi ule, kwa kuwa mgongo wangu ulikuwa mtupu.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, niliona nafasi nyekundu aliyoisema mamere. Ilikuwa mbele, chini kidogo ya goti, si kubwa kuliko ukucha wangu. Siku ya tatu ikatoa maji, ya nne ikatoa damu.

Nilijua. Naomba hilo lieleweke, maana watu wakisikia habari hii hukimbilia kuniambia nilikuwa mtoto tu. Nilikuwa mtoto, na nilijua. Nilijua pia kwamba mamere angeuchukua mguu, wiki nne, labda sita, na Septemba ingepita nami nikiwa na mtu mgongoni. Nikatoa sare yangu ya zamani chini ya kitanda, nikachana kipande cha upindo, nikakikunja mara nne, nikakiweka juu ya kidonda ndani ya soksi.

"Yaya, inachoma," aliniambia. Yaya ndivyo alivyoniita, dada yake mkubwa.

"Kiatu kipya chote kinachoma."

Akanitazama. Hakulalamika tena, na mpaka leo sijui kama aliniamini au alinihurumia.

Soksi nilizifua mwenyewe ziwani, mapema, kabla ya Mama kurudi. Hospitalini, tulikokwenda kila wiki, korido zilikuwa zimejaa watu waliokimbia vijiji vyao, wengine wamelala sakafuni, na mamere alipita anaruka miguu ya watu. Aliniuliza kutoka mlangoni: "Ngozi je?"

"Iko muzuri, mamere."

Aliniuliza mara mbili, wiki mbili. Mara zote mbili nilijibu hivyohivyo, na sauti haikutetemeka.

Shule zilifunguliwa. Mama alinishonea sare mpya. Asubuhi ile mdogo wangu alitembea kwa mguu wake hadi hospitali na kurudi, Mama akiwa nyuma yake, kisha mimi nikaenda darasani. Nilikaa kiti cha mbele. Nilikuwa na furaha, na sitajifanya kwamba furaha ile ilikuwa na doa. Haikuwa nalo. Ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi aliamka anaungua homa na chumba kina harufu. Alikuwa amelala ameuvaa mguu usiku ule, hakutaka niuvue. Mama alipiga magoti mbele yake akafungua kamba za ngozi, mgongo wake ukiwa kwangu. Sikuona alichokiona. Nilisikia tu akivuta pumzi. Halafu alimfunga mtoto mgongoni na kutoka karibu mbio, nami nikamfuata nimevaa sare yangu mpya.

Uchafu ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Daktari alimkata tena mchana huohuo, juu ya goti.

Mamere alitoka kwenye chumba cha upasuaji, aproni imeloa. Alisimama katikati ya korido, mbele ya watu wote wale. "Nani alikuwa anachunga hii muguu?" aliuliza, na macho yake yalikuwa kwangu.

Nilifungua mdomo. Nadhani ningesema. Nimejiambia mara nyingi kwamba ningesema.

"Njo mimi, mamere," Mama akasema. "Nilikuwa namupakaa mawese. Kwa siri. Mutoto wangu huyu hakujua."

Mamere alimgombeza kama anavyogombezwa mtumishi aliyeiba. Mama, mwanamke ambaye sokoni hakuna aliyethubutu kumpunja, alisimama amekunja mikono, akijibu ndiyo, ndiyo. Na mimi? Nilipumua kwa nafuu. Kumbe ni mafuta, nikasema moyoni. Kumbe si mimi, au si mimi peke yangu. Kesho yake Mama aliniamsha niende shule.

Mguu wa pili wa mti haukuwa na mahali pa kukunja. Ulikuwa gogo la kufungwa kiunoni. Kanisani aliketi ameunyoosha kwenye njia, watu wakajikwaa, yeye akaomba samahani. Hakumjibu tena mtu kwenye bomba la maji. Baada ya mwaka mmoja aliuzidi urefu, na fundi wa karakana alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa. Mguu ukabaki nyuma ya mlango, yeye akashika magongo. Mimi nilimaliza shule, nikawa mwalimu. Nilifundisha maisha yangu yote, na kila nilipoiwaza korido ile nilijikinga kwa mawese ya Mama.

Mama alifariki tukiwa sote wawili wanawake wazima. Siku tatu baada ya mazishi tulikaa jikoni kwake chini, kwenye mkeka, tukipanga vyombo vyake, na nikamweleza mdogo wangu kila kitu: kidonda, soksi, uongo mara mbili. Nilimaliza kwa kusema, kama nilivyozoea kujiambia, kwamba pengine mafuta ndiyo yaliyozidisha.

Aliendelea kupanga masufuria.

"Yaya, Mama hakunipakaa mafuta hata siku moja," alisema. "Toka siku mamere alikataza, ile kopo haikushuka."

"Sasa kwa nini alisema vile?"

"Asubuhi ile, wakati alifungua kamba, kitambaa kilianguka. Cha buluu. Alikifumbata mukononi. Wakati tulirudi toka hospitali alikichoma pale kwa moto, akaniambia: yaya yako asijue kama nimekiona, ataacha masomo."

Mdogo wangu akasukuma sufuria la mwisho pembeni, akaninyooshea mikono yote miwili nimwinue, maana bila goti hawezi kuinuka kutoka chini peke yake.