Mtungi wa Nusu

Baba alikuwa mwalimu, na alipoambiwa huenda figo zake zina shida, alianza kugawa vitu vyake. Baiskeli alimpa jirani wetu pale Kitengela. Redio akaniahidi mimi. Chumvi akaiacha siku hiyo hiyo, akawa anakula sukuma wiki akiwa amefumba macho.

Shida ilianza na miguu. Ilivimba hadi viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Tukampeleka Kajiado kwa daktari, kijana wa Kimaasai aliyetusalimia "Sopa," na Baba, Mluhya asiyejua neno lingine la Kimaa, akajibu "Ipa!" kwa sauti ya paredi. Daktari akamwambia akusanye mkojo wa siku nzima: ule wa kwanza wa asubuhi amwage, uliobaki wote, hadi wa asubuhi inayofuata, atie kwenye mtungi wa lita tatu.

Tuliuweka mtungi kando ya tangi la maji, penye kivuli, umefunikwa kwa gunia. Haki, sijawahi kuona mtu akifuata maagizo vile. Baba alikuwa akitoka darasani mbio, anavuka barabara hadi nyumbani, anarudi kufundisha hesabu.

Majibu yalituvunja moyo. Mkojo ulikuwa na protini nyingi, na daktari alisema figo nzima haziachi protini ipite hivyo. Lakini damu ya Baba ilikuwa safi. "Hivi vitu viwili havielewani," akasema. "Kipimo kimoja hakitoshi. Rudieni."

Safari hii niliusimamia mtungi mwenyewe. Ulifika nusu tu. Mama akautazama, akautazama tena, akaguna, lakini mimi sikubanduka hapo.

Wiki iliyofuata tulikaa watatu mbele ya daktari. Hakukuwa na protini hata kidogo. Miguu ilikuwa inavimbishwa na vidonge vya presha ambavyo Baba alikuwa akimeza, basi, vikibadilishwa itapona. Baba aliruka akamkumbatia daktari. Nami nilifurahi, ingawa niliona redio ikiniponyoka.

"Ila sielewi," daktari akasema. "Mara ya kwanza mtungi ulikuwa umejaa pomoni."

Mama akakohoa. Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Daktari, mwanangu, usikasirike. Kwetu chombo hakipelekwi kwa mtu kikiwa nusu. Iwe maziwa, iwe mahindi, unajaza. Niliona aibu. Nikaongeza kidogo."

"Ukaongeza nini?"

"Sasa wewe unafikiri nini?"

Wueh! Baba aliinamisha uso mezani. Daktari alicheka hadi akavua miwani ajipanguse machozi. Mama naye akacheka, mimi nikashika mbavu. Halafu daktari akaacha kucheka, peke yake, sisi tukiwa bado tunaendelea. Akavaa miwani.

"Mama," akasema polepole, "basi ile protini ni yako."

Mama hakuwa na maumivu yoyote ila ya magoti. Miguu yake ilikuwa myembamba kama kawaida, alilima, aliimba kwaya. Presha hakuwahi kupimwa. Alisema hiyo ni ya waume. Siku hiyo ilipimwa, ikapatikana iko juu. Damu yake ilionyesha taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa. Akapigwa picha ya tumbo. Hata hivyo daktari hakutaka kutaja jina la ugonjwa hadi miezi mitatu ipite, apime tena, aone kama hali ni ile ile. Ilikuwa ile ile. Ugonjwa sugu wa figo, akasema, lakini tumeuwahi.

Akapewa dawa za presha, na zile tembe za magoti alizokuwa akimeza miaka nenda miaka rudi akakatazwa, kwani zinaumiza figo, na chumvi vilevile. Baba alimwendea jirani akaichukua tena baiskeli, kwa aibu kubwa, ila chumvi hakuirudia. Alisema hawezi kula vizuri mbele ya mtu anayekula vibaya.

Miaka ikapita, na Mama bado alilima, bado aliimba. Kila alipotakiwa, alibeba mtungi wake Kajiado mwenyewe, ameupakata kama mtoto, na kumkabidhi daktari bila kuinamisha macho.

"Ni nusu," alikuwa akimwambia. "Lakini ni yangu yote."