Mbao za Ghala la Mawe

Nilikuwa na mke mwenza, naye alikuwa ghala la mawe. Mume wangu alilitunza ghala hilo kwenye mgodi wa makaa ya mawe nyuma ya mji wa Kalemie, bondeni mwa mto Lukuga, miaka ile nchi ikiitwa Zaire. Mgodi ulikuwa umefungwa zamani, mashimo yamejaa maji, wakubwa wamepanda treni na kwenda zao. Yeye aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, kofia ya chuma kichwani. Nikimuuliza anamlindia nani, alinijibu bila kukasirika, "Watarudia, Mama. Mawe haikimbie."

Yalikuwa mawe ya mviringo, marefu kama mchi wa kutwangia, yaliyotolewa ardhini kwa mashine ya kutoboa. Yalilazwa ndani ya visanduku vya mbao, ya juu kwanza, ya chini kabisa mwisho. Ubavuni mwa kila kisanduku mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe ni mita ngapi chini ya ardhi jiwe lilikotoka. Mume wangu alivipangusa vumbi visanduku hivyo mara nyingi kuliko alivyowahi kuwapangusa pua watoto wake.

Jioni alikuja na jiwe moja mfukoni, akaliweka kando ya sahani ya bukari, ugali wetu, akaanza kunifundisha. Jiwe la chini kabisa lilikuwa la kijivu, limejaa kokoto zenye mikwaruzo. Alisema barafu ndiyo iliyozikwaruza, barafu nene kupita milima ya Marungu, iliyokuwa imelala hapa hapa petu. Nilicheka hadi nikamwaga maji. Barafu niliyoijua mimi ilikuwa ile ya friji ya baa karibu na stesheni, na hiyo nayo iliyeyuka umeme ulipokatika.

"Cheka tu," alisema. "Kisha nitakuonyesha jeusi."

Jeusi lilikuwa makaa, nalo lilikaa juu ya la kijivu. Kabla hapajawa na mtu wa kuliona, misitu iliota kwenye matope, ikavuta hewani ile gazi karbonike, hewa tunayoitoa puani na inayotoka motoni, kisha ikaanguka na kuzikwa nayo. Hewa hiyo ni kifuniko cha sufuria: ikipungua angani, dunia inapoa; ikijaa, dunia inachemka. Juu ya jeusi kulikuwa na jekundu, udongo wa nchi yenye joto na ukame. Hata mawe ya chokaa ya Kabimba, alisema, yamemeza hewa hiyo, na tanuru la saruji linayatapisha. Siku hizo niliona ni maneno ya mtu asiye na kazi.

Ndipo ikaja barua kutoka Lubumbashi. Profesa mmoja angekuja wakati wa kiangazi kuyaona mawe. Ndani ya yale meusi kulikuwa na alama za majani, na majani yana vitundu vidogo vya kupumulia. Angani kukiwa na hewa ile nyingi, jani linatengeneza vitundu vichache. Kwa hiyo ukilifuata jani baada ya jani, toka chini kwenda juu, utajua jinsi kifuniko kilivyorudi juu ya sufuria. Mume wangu aliisoma barua hadi ikachanika kwenye mikunjo. "Anauliza kitu moja tu," aliniambia. "Joto ilirudia polepole, ao mbio?" Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu siku ya harusi yetu, na niseme kweli, nilimwonea wivu.

Kabla ya kiangazi, mama yake akaugua huko Nyunzu. Mume wangu alipanda treni, akaniachia ufunguo. "Lindia mawe, Mama. Jiwe hata moja isipotee." Mvua ikavunja njia ya reli, akakwama huko wiki baada ya wiki. Kwetu barabara nayo ikazama, wachoma makaa wa vijijini wasiweze kuja mjini. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi na machozi tu. Kwenye lundo la makapi ya mgodi majirani walikuwa wamekomba kila kitu, likabaki tope jeusi lisilowaka. Watoto wangu watatu walikula mihogo mibichi siku mbili, na mdogo akaanza kuhara. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilichukua ufunguo.

Sikuwa mjinga, nilijiona mwerevu. Makaa ya mume wangu sikuyagusa, ingawa yangewaka vizuri. Nilitoa mawe kisanduku kimoja kimoja, nikayaosha kwa maji ya mto hadi yakang'aa, kisha nikayapanga ukutani kwa usafi: ya kijivu kwa ya kijivu, meusi kwa meusi, mekundu kwa mekundu. Mbao za visanduku zilikuwa kavu, za miaka mingi. Ziliwaka kwa sauti nzuri, sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, likaiva, mtoto akapona. Jirani alisifu moto wangu.

Mume wangu aliporudi, alikuwa amemzika mama yake. Aliuliza mlangoni, begi bado begani, "Mawe iko yote?"

"Iko yote, Papa. Hata moja haikupotea. Na nimeyaosha."

Tulikwenda pamoja. Aliingia ghalani, akaokota jiwe jeusi, akaligeuza, akaliweka, akaokota lingine. "Mbao iko wapi?"

"Nilipikia watoto."

Nilingoja anipige, ningeshukuru. Aliketi sakafuni akasema polepole, "Jiwe haina kinywa, Mama. Mbao njo ilikuwa inasema."

Profesa alikuja, mtu mpole, viatu vyake vimejaa tope. Aliinua jiwe baada ya jiwe, akamwita mume wangu mwananchi, kama walivyoitana watu wa Zaire, na kuuliza kila mara, "Sitwayen, hii inatoka mita ngapi?" Mume wangu alijaribu kukumbuka, akataja namba, akaifuta kwa mkono hewani, akataja nyingine, akaifuta nayo. Mgeni alitushukuru kwa chai. Aliacha mawe yote kama alivyoyakuta.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa na meno yote. Mume wangu aliendelea kwenda ghalani kila asubuhi hadi miguu ilipomkataa, akiyapanga meusi upya, hili juu ya lile, na jioni akiyapangua. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Siku za mwisho, kitandani, alininyooshea kiganja kitupu akauliza kama jiwe hili lilikuwa la juu ama la chini. Nilimwambia la juu. Nilimdanganya.

Sasa wanangu wamezeeka. Mvua inakuja siku isiyo yake, joto linatukalia kifuani, nao wanajua baba yao aliwahi kusoma mambo hayo. Wananiuliza, "Mama, inakuja polepole, ao mbio?" Jibu lilikuwa ghalani, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Walilila wao wenyewe, pamoja na sombe, wakaniomba niwaongeze.