Vikopo vyangu vimechemshia mgeni chai

Jamani, leo mama mkwe wangu amechoma biashara yangu, kisha akaiuza.

Wiki nzima hapa Juru nimekuwa nikiviringisha vikopo vya karatasi ngumu vya kutia mafuta ya midomo. Nabandika kwa uji wa muhogo, kisha natia mafuta. Plastiki hata kidogo! Mama mmoja mwenye duka Mbarara alisema atakuja kuviona mwenyewe.

Leo asubuhi kafika. Naingia ndani kuvichukua.

Hakuna.

Mafuta yote yako ndani ya ndoo ya plastiki, yamesawazishwa juu kama keki.

"Nilikusaidia," mama mkwe akaninong'oneza. "Mugeni wa Mbarara hawezi kupewa mafuta mu karatasi kama mandazi."

"Na vikopo, mama?"

Akaonyesha mbabula, lile jiko letu la mkaa, kwa kidevu. Juu ya moto, chai ya mgeni inatokota.

Nilitamani kuingia ndani ya ile sufuria.

Kumbe mgeni kasikia. "Mama, umechoma karatasi yote?"

"Yote! Iliwaka muzuri, haikunuka. Ingekuwa plastiki yenu ya mjini, saa hii tungekuwa tunakohoa wote."

Akammiminia chai, na mgeni akacheka mpaka ikamwagikia kitenge. Ameagiza vikopo vya kujaza rafu nzima! Sharti ni moja tu: siku ya kuvipeleka niende na mama mkwe, awaeleze wateja jinsi vinavyowaka bila kunuka.

Nimpeleke?

Kabla hamjajibu, mjue ameshaniuliza kama kule dukani kuna mbabula.