Mama Luciana na Ukurasa wa Masista

Mimi sina subira, nalisema mapema nisije nikasingiziwa utakatifu. Mtu akiniuliza jambo lilelile mara tatu, ya nne namwonesha mlango. Mama Luciana peke yake ndiye aliyeniuliza mpaka nikaishiwa majibu.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaanza kushika Sumbawanga, na kila mtu amegeuka mfanyabiashara. Lililokuwa duka la ushirika likawa baa. Masunga, Msukuma aliyehamia Rukwa na ng'ombe wa baba yake, aliuza baadhi akafungua kafe ya intaneti pale Majengo. Ndugu zake walimcheka eti kabadilisha nyama kwa vioo. Mimi, Debora, ndimi niliyekuwa mhudumu. Mtandao wetu ulipitia kwenye dishi juu ya bati. Siku njema unakuja kwa kujivuta. Mvua ikitanda mara nyingi hauji kabisa.

Mama Luciana jina lake la ubatizo ni Cornelia. Alikuwa mjane, analima mahindi na ulezi upande wa Matai, na mtoto aliyebaki kwake ni huyo Luciana tu. Luciana ni sista. Shirika lake halina nyumba huku kwetu. Masista wageni waliopita Mbeya ndio waliomchukua, wakampeleka Ujerumani. Sikukuu kubwa alikuwa akipiga simu parokiani, mama anaitwa kuongea. Pasaka moja akamwambia, “Mama, nimo kwenye ukurasa wetu wa intaneti. Nenda mjini ukanione.” Paroko akaandika anwani kwenye kikaratasi. Tangu hapo simu haikulia tena. Noeli ikapita, paroko akaandika barua, kimya. Kwa hiyo mama huyu hakuwa na kitu kingine cha kumwambia kama mwanawe yu mzima, ila ukurasa ule.

Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na kitenge cha Jumapili na mfuko wa unga wa ulezi.

“Shikamoo, mama. Unga wa nini?”

“Marahaba, mwanangu. Naenda kumwona mtoto kwenye nyumba ya watu. Niingie mikono mitupu?”

“Mama, humu hamna nyumba ya watu, hizi ni kompyuta!” Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Unga akaniachia mimi, nami nikaula bila aibu.

Nikaandika anwani. Yalikuja maandishi kwanza, ya Kijerumani, halafu picha ikaanza kushuka kutoka juu: anga, paa, miti, vitambaa vyeupe vya masista waliosimama nyuma. Luciana alikaa mbele, kwa hiyo uso wake ndio ulikuja mwisho. Kilipotokea kipaji cha uso wake mama akashika meza. Yalipotokea macho akainama, akapiga yale makofi ya taratibu tunayosalimia nayo kwa heshima huku kwetu, akamuuliza habari za huko kwa Kifipa. Halafu akasubiri aitikiwe.

“Ananiona?” akaniuliza.

“Hakuoni, mama. Hii ni picha.”

“Kama ni picha, mbona imekuja kidogokidogo kama mtu anayetembea?”

Jamani! Nikavuta kiti. Nikamwambia ukurasa haukai humu kwetu. Uko ndani ya kompyuta nyingine huko kwa masista, au kwa watu wanaowatunzia, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Anwani ndiyo inayotuonesha ni ipi kati ya zote duniani. Nikibonyeza, kompyuta hii inapeleka ombi: naomba ukurasa wa masista. Ombi linapanda kwenye dishi, linapokelewa huku, linapitishwa kule, mpaka linafika. Ile ya kule inakatakata ukurasa vipande, inavituma, na hii yetu inaviunga. Kipande kikichelewa, mtu anakosa kidevu.

“Kwa hiyo tukifungua tunauliza, na wao wanajibu,” akasema.

“Hapo umepata.”

Basi likamkaa kichwani hivyo. Kila alipopata lori la kuja mjini alikuja, anasema, “Debora mwanangu, niulizie.” Luciana akitokea, mama anashusha pumzi, anarudi Matai amepona. Nilimwambia mara nyingi kwamba picha haizeeki wala haiugui, mtu anaweza kuwa kitandani na picha yake inacheka. “Najua,” alisema, “lakini wenyewe wa nyumba wanajua kama yupo. Asingekuwepo wangemtoa.” Nilijaribu kumchapishia kwenye karatasi, nyuso zikatoka nyeusi tupu kama masizi. Akanirudishia. Picha za karatasi, alisema, anazo nyumbani, na zile haziulizwi.

Siku moja ya masika alifika amelowa. Nikafungua, na picha ikatokea palepale, nzima, na kidevu chake.

“Eh! Leo mtandao una mbio!”

Ningenyamaza tu, lakini mdomo wangu haujazoea. Nikamweleza kwamba mtandao leo haujafanya kitu. Kompyuta ikishaleta ukurasa inajiwekea nakala, ili safari nyingine isihangaike. Masunga alikuwa ameniagiza nitumie nakala hizo siku za mvua.

Akakunja uso. “Kwa hiyo leo hatujauliza?”

“Hatujauliza. Huyu ni yule wa safari iliyopita.”

“Mwanangu, mtu anasalimia nyumba leo, anapewa jibu la mwezi jana? Salamu gani hiyo? Uliza.”

“Mama, mvua hii…”

“Uliza!”

Nikabonyeza. Tukakaa sana. Yakaja maandishi, ikaja anga, na paa. Halafu nikaona miti siyo ileile. Vitambaa vikashuka, nyuso zikashuka, kiti cha mbele kikashuka. Alikaa sista mwingine, mzungu, anacheka.

Mama alisogeza uso karibu na kioo akawapitia mmoja mmoja kwa kidole. Nikabonyeza kurudi nyuma nitafute ile nakala. Hakuna, mpya ilikuwa imekalia nafasi yake. Nikakimbilia kompyuta nyingine, nikafungua zote, wala hakuna aliyewahi kufungua ukurasa ule humo. Nilimtukana Masunga ambaye hayupo, nikaitukana mvua.

“Nani amemtoa?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Kuna mtu tu, mama. Amekaa huko, kaweka picha mpya. Pengine hata dakika haikumchukua.”

“Hakujua kama namtazama?”

“Hakujua.”

“Siku zote hizi tunauliza, hakuna aliyejua kwamba anayeuliza ni mama yake?”

“Kule inaonekana kompyuta imeuliza, basi. Hata jina haitaji.”

Nikajiuliza moyoni. Amehamishwa? Ameacha usista? Anaumwa? Amekufa? Au siku ya kupiga picha alikuwa jikoni tu? Ukurasa haukusema.

“Basi waambie,” akasema. “Waambie ni mimi.”

Chini ya ukurasa palikuwa na mahali pa kuwaandikia. Nikaandika kwa Kiingereza changu kibovu: Mimi ni mama yake Sista Luciana. Mwanangu yuko wapi? Nikashika kidole chake, nikakiweka pa kubonyeza. Akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu kama anayefunga mlango.

“Imefika?”

“Imetoka, mama.”

“Sikukuuliza kama imetoka. Nakuuliza, imefika?”

Nikatazama kioo. Nje dishi linapigwa na mvua. Sikujua, na hapakuwa na wa kumuuliza.