Kamba Iliyobaki Uani kwa Mama Berthe

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Ukungu ulikaa juu ya Butembo hadi saa nne asubuhi, kisha yakaanza manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu upesi lakini yasiyoacha kitu kikauke.

Paulin alikuwa akipanda kilima cha Kimemi na ngazi begani, akisonya njia nzima. Ni fundi wa parabole, yale mabakuli ya bati yanayonasa televisheni kutoka angani. Ni mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye sauti ya chini ambayo hupanda kwa jambo moja tu: waya. Ufundi aliuanzia Kanyabayonga, akitengeneza redio sokoni, na alipohamia Butembo aligundua kwamba hapa ugonjwa wa televisheni mara nyingi hauko ndani ya televisheni. Uko uani.

Ua wa Mama Berthe aliujua kuliko wa kwake.

“Karibu, Paulin,” Mama Berthe alimpokea mlangoni. “Télé imelala tena. Na ujue, kesho ndiyo kesho.”

Paulin alijua. Kesho yake, saa tatu, chaneli ya kanisa ingeonyesha misa kutoka Kinshasa, na katika misa hiyo Ornella, binti wa Mama Berthe, angeweka nadhiri zake za kwanza za utawa. Kutoka Butembo barabara ya kufika huko hakuna, na ndege si ya watu kama wao. Mama huyu angemwona mwanawe kwenye kioo, ama asingemwona kabisa.

Fundi aliinua macho, akasonya tena. Parabole ilikuwa juu ya paa la jiko, mwisho wa ua, upande wa barabara. Kutoka huko nyaya tatu zilivuka ua mzima hadi nyumbani. Moja ilikuwa ya sebuleni. Ya pili ilikuwa ya Élysée, mtoto mkubwa, aliyekwenda kufanya biashara Beni, mtaa wa Beu, akabeba dekoda yake na kuacha waya. Ya tatu hakuna aliyeikumbuka. Zote tatu zilikuwa zimeanikwa nguo: mablanketi, vitenge, nepi za mtoto. Kila blanketi lilivuta viungo vya waya, kila kiungo kilikunywa maji.

“Mama, niliwaambiaka. Hii ni câble. Hapana kamba!”

“Sisi tunaiita kamba ya télé.”

“Kamba inafungaka mbuzi!”

Mzee Kitsa, mume wa Mama Berthe, alicheka kibarazani. “Donc sisi ndio mbuzi?”

“Papa Kitsa, leo ninahamisha parabole. Nitaiweka nyuma ya salon, ku ukuta, câble ipite tu hapa ku dirisha. Fupi, moja, bila kiungo.”

Mzee aliacha kucheka. “Nyuma? Mais bantu ba barabara bataiona namna gani?”

“Papa, nani ataangalia messe kesho? Bantu ba barabara, ao mama?”

Mzee alimtazama mkewe, akasogeza kiti chake kupisha ngazi. Parabole ile ilikuwa ya kwanza kuonekana katika barabara yao, naye alikuwa amechagua paa la jiko kwa sababu hiyo hiyo.

Paulin alifanya kazi hadi alasiri. Alipigilia mkono wa chuma ukutani, akafunga parabole, akapitisha waya mpya pembeni mwa dirisha, waya usiofikia hata urefu wa kitanda. Nyaya tatu za zamani alizikata na kuzikunja. Ua ukabaki wazi, kama uso ulionyolewa. Ndani, picha ikaja safi hadi jasho likaonekana kwenye paji la padri aliyekuwa akihubiri. Mama Berthe alishika kioo kwa kiganja.

“Wasingya, Paulin. Wasingya,” alishukuru kwa Kinande.

Alipokuwa akifunga mfuko wa vifaa, Séphora, mke wa Élysée, alisimama mbele yake na beseni la nguo mbichi.

“Yaya Paulin, na sasa manguo nitaanika ku nini?”

“Tafuta kamba!” alijibu kwa hasira, akabeba ngazi, akaondoka.

Jua halijazama, simu ikalia. Picha imepotea.

Alirudi akitembea upesi hadi madereva wa pikipiki wakampigia honi. Aliingia uani, akasimama. Juu ya ule waya mfupi zilining’inia nepi, soksi, na suruali ya Jumapili ya mzee Kitsa, nzito kwa maji. Waya ulikuwa umechomoka kwenye kichwa cha parabole, na bakuli lenyewe limegeuka, linatazama shamba la jirani.

“Nani alianika manguo hapa?”

“Ni miye,” alisema Séphora. “Ulisema nitafute kamba. Nikatafuta. Ilibakia hii moja.”

Katika ua ule, kamba ndiyo ile. Paulin mwenyewe ndiye aliyempa neno hilo.

“Lakini ni fupi hivi!”

“Soksi zinaenea,” alisema mzee Kitsa.

Mama Berthe hakucheka. “Paulin, mutoto wangu nitamuona?”

Kabla hajajibu, mvua kubwa ikashuka. Ukuta ukawa utelezi, giza likaingia, ngazi haikupandika tena. “Nitakuja asubuhi,” alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa chini.

Asubuhi ya Jumapili alifika mvua ilipokatika, saa tatu ikikaribia, ngazi begani na mzigo wa kamba ya katani mkononi. Mama Berthe alimvuta mkono kuelekea kwenye parabole. Paulin alikataa.

“Kamba kwanza, mama.”

Aliifunga kutoka nguzo ya jiko hadi mparachichi, akaivuta kwa uzito wake wote. Akamwita Séphora. “Angalia muzuri. Hii ndiyo kamba. Ile kule ni câble. Ni nini?”

“Câble, yaya,” Séphora alijibu akijizuia kucheka.

Ndipo akapanda. Alirudisha waya mahali pake, akaanza kugeuza bakuli taratibu, kidogo huku, kidogo kule, huku mzee Kitsa akipaza sauti dirishani: “Hakuna… hakuna… inakuja… imeenda!” Paulin alisonya, akarudisha nyuma kwa upana wa kidole.

“Acha pale pale!” ilikuwa sauti ya Mama Berthe. “Ni yeye! Yule wa pili ku mustari! Ornella! Mutoto wangu!”

Paulin alikaza nati, akashuka. Ndani walikuwa wakimwita aje aone. Yeye alichukua suruali ya mzee iliyolala ndani ya beseni tangu jana, akaikamua, akaianika kwenye kamba, kisha akafuta miguu na kuingia.